Deikea, PP1 au bado? Mtoto wa umri gani aende wapi

Kila Januari walimu wa chekechea hukutana na jambo lile lile mlangoni. Mzazi anafika na mtoto mkononi, begi jipya mgongoni, na akiulizwa umri anajibu, "Ana miaka minne." Cheti cha kuzaliwa hakipo. Mwalimu anamtazama mtoto: hawezi kwenda msalani peke yake, maneno bado ni machache, na akishushwa chini analia mpaka sauti inakauka. Huyo ni wa miaka miwili na nusu, na mwalimu na mzazi wote wanajua.

Mzazi huyo hadanganyi kwa kupenda. Zamu katika hoteli za Diani inaanza alfajiri. Sokoni Ukunda mboga hazingoji. Kinango mama anatoka kutafuta maji na hajui atarudi saa ngapi. Mtoto lazima abaki na mtu, na chekechea ndiyo mahali pekee pa karibu penye mtu mzima anayemwangalia. Matokeo yake ni kwamba darasa la PP1 linageuka kuwa deikea, mwalimu mmoja anabadilisha nepi badala ya kufundisha, na wale wa miaka minne wanaokaa humo kihalali hawapati walichokuja kutafuta.

Makala haya yanaeleza ni huduma gani inamfaa mtoto wa umri gani katika Kaunti ya Kwale, nani anahusika nayo, na mzazi aangalie nini kabla ya kumwacha mtoto wake mahali.

Nani anahusika na nini

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kaunti kazi ya elimu ya awali, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Shule za msingi na sekondari zilibaki kwa Serikali ya Kitaifa. Ndiyo maana baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013 mmeona madarasa ya chekechea yakijengwa vijijini kwa fedha za kaunti, na ndiyo maana mwalimu wa PP1 huajiriwa na kaunti ilhali mwenzake wa Gredi ya Kwanza, aliye ng'ambo ya uwanja huo huo, ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC). Mwalimu wa chekechea naye hutakiwa kusajiliwa na TSC, lakini mwajiri wake ni kaunti.

Hili lina faida kwako mkazi. Ukiwa na malalamiko kuhusu darasa la chekechea, hata kama liko ndani ya ua la shule ya msingi, ofisi ya kuendea ni ile ya elimu ya kaunti katika kaunti ndogo yako au ya msimamizi wa wadi. Wengi hupoteza siku nzima wakizungushwa kwa sababu walianzia pasipo.

Kuzaliwa hadi miezi sita

Katika umri huu darasa la mtoto ni mikono ya mama, na shule yake ni kliniki. Chanjo za kwanza, BCG na polio, hutolewa anapozaliwa. Nyingine hufuata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Maziwa ya mama pekee yanamtosha mpaka miezi sita. Hahitaji maji, uji wala dawa za kienyeji za tumbo.

Hapa sheria yenyewe ina pengo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo, na baba wiki mbili. Ushauri wa afya ni miezi sita ya kunyonyesha. Miezi mitatu inayobaki inazibwaje? Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba safi cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Mwenye kazi ya kudumu ana haki ya kukiuliza chumba hicho. Kibarua wa siku kwa kawaida hapati likizo wala chumba, na yeye ndiye anayerudi kazini mapema kuliko wote. Kama ni wewe, zungumza na muuguzi wa kliniki kabla hujarudi kazini akuonyeshe namna ya kukamua maziwa na kuyahifadhi. Kwa joto letu la Pwani, maziwa yaliyoachwa mezani hayakawii kuharibika.

Miezi sita hadi miaka mitatu

Huu ndio umri wenye shida kubwa zaidi, na ndio uliosahaulika kwa muda mrefu. Mtoto hana tena haja ya kuwa kifuani mwa mama kutwa nzima, lakini chekechea bado si yake. Wengi huachwa na bibi, jambo ambalo ni heri kama bibi ana nguvu za kumkimbiza mtoto anayeanza kutembea. Wengine huachwa na yaya ambaye mwenyewe ni mtoto. Na wapo wanaoachwa na dada yao wa miaka tisa, ambaye siku hiyo haendi shule. Hapo watoto wawili wamepoteza kwa pamoja, na kumnyima yule mkubwa masomo ili alee ni kinyume cha Katiba, ambayo katika Kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Mahali panapofaa umri huu ni kituo cha malezi ya mchana, yaani deikea. Vingi huendeshwa na akina mama majumbani mwao, kwa ada ndogo ya kila siku. Baadhi ni vizuri sana. Vingine ni chumba kimoja chenye pazia, watoto kumi na wanane na mlezi mmoja anayepika jikoni. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Popote ulipo, hata hivyo, macho yako mzazi ndiyo ukaguzi wa kwanza.

Usiende kuangalia kituo saa moja asubuhi, wakati kila kitu kimefagiliwa. Nenda saa tano bila kupiga simu. Angalia kama watoto wako macho na wanacheza, au wote wamelala kimya kwa wakati mmoja. Ukimya wa watoto kumi na watano saa tano asubuhi ni jambo la kuulizia. Angalia jiko liko wapi, na kama kuna kisima au pipa la maji lisilofunikwa. Choo kiko umbali gani, na nani humpeleka mtoto huko? Uliza nani mwingine anaishi katika nyumba hiyo au huingia humo mchana. Swali hili watu huona haya kuliuliza, na mlezi mwema hatachukizwa nalo. Muulize pia atafanya nini mtoto akipata homa saa nane mchana: ana namba yako, na anajua zahanati ya karibu? Mlezi akikukataza kuingia ndani, usimwache mtoto hapo.

Kliniki haijaisha. Chanjo ya surua na rubella hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wengi huisahau kwa sababu mtoto tayari anakimbia na anaonekana mzima. Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, ni nafasi ya kukamilisha kilichobaki. Ukiwa na kitabu cha mama na mtoto, mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako anaweza kukusomea kilichokosekana.

Kuhusu kujifunza, mtoto wa umri huu hahitaji daftari. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo tano: afya, lishe, usalama, mlezi anayemjibu mtoto, na nafasi ya kujifunza mapema. Ile ya nne ndiyo isiyogharimu chochote. Mtoto akikuonyesha kuku, mwambie ni kuku, analiaje, yuko wapi. Kumpa simu atazame katuni ili anyamaze hakuchukui nafasi ya mazungumzo hayo, na mwandishi wa makala haya, ambaye ana mtoto wa miaka mitatu, anakiri kwamba si rahisi.

PP1 na PP2

Mtoto aliyetimiza miaka minne huingia PP1, mwaka unaofuata PP2, na akiwa na miaka sita anaingia Gredi ya Kwanza. Hivyo ndivyo mtaala wa umilisi ulivyopangwa tangu ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019. Kumwingiza mapema hakumfanyi amalize mapema. Hukaa nyuma ya wenzake kwa sababu mikono yake bado haijakomaa kushika penseli, na anaanza kujiona hajui.

Lalamiko tunalolisikia zaidi kutoka kwa wazazi ni hili: "Mtoto wangu anacheza tu huko." Anacheza, ndiyo, na kila mchezo una kazi yake. Akipanga vifuu vya nazi kutoka kidogo hadi kikubwa, hiyo ni hesabu. Akifinyanga udongo, vidole vinajiandaa kuandika. Kipindi kimoja ni dakika 30 kwa sababu mtoto wa miaka minne hawezi kutulia zaidi. Mwalimu humpima kwa kumtazama anavyofanya, si kwa mtihani wa kumpanga namba moja hadi arobaini. Shule inayojisifu kwamba watoto wake wa PP1 hufanya mitihani kila Ijumaa na kurudi na kazi ya nyumbani kurasa tatu haijawatangulia wengine.

Pwani si wageni katika mambo haya. Mpango wa shule za awali za Madrasa ulianzia Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo, ukaunganisha mafunzo ya dini na ya kawaida, ukitumia vifaa vya mazingira yetu. Baadaye ulienea hadi Zanzibar na Uganda.

Jambo jingine ni lugha. Sera ya elimu inataka mtoto wa chekechea afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Lunga Lunga inaweza kuwa Kidigo, Kinango Kiduruma, na Ukunda, penye mchanganyiko, Kiswahili. Mzazi anayemkemea mwalimu kwa kutotumia Kiingereza peke yake anaomba mtoto wake afundishwe kwa lugha asiyoijua.

Ukienda kumwandikisha, chukua cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki. Kama cheti hakipo, anza kukitafuta leo. Kuandikisha kizazi baada ya miezi sita huhesabiwa kuwa umechelewa na huwa na hatua zaidi. Uliza pia mpango wa uji, kwa kuwa hautofautiani kwa jina tu kati ya kituo na kituo. Sehemu kame za Kinango kikombe hicho cha saa nne ndicho humleta mtoto darasani, na pengine ndicho chakula chake cha kwanza. Shule ya umma hairuhusiwi kumfanyisha mtoto mtihani ili imkubali, na viboko vimepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ukiona mtoto anadhulumiwa, shuleni, deikea au nyumbani, namba 116 ni ya bure.

Bado kuna tatizo ambalo hatutalificha. Chekechea hutoka mchana. Mama wa hotelini hutoka jioni. Saa hizo nne au tano katikati bado ni za deikea, jirani au bibi. Ukichagua deikea, chagua iliyo njiani kutoka kituo cha chekechea, na mkubaliane wazi nani humchukua mtoto. Mwalimu asimtoe kwa mtu asiyemjua, hata akisema ni mjomba.

Mtoto anayechelewa

Mtoto asiyekaa mwenyewe akiwa na miezi tisa, asiyetembea akiwa na miezi 18, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili apelekwe kliniki. Pengine hana tatizo lolote. Pengine ni masikio, jambo ambalo likigunduliwa mapema lina msaada. Kwa masomo, vituo vya tathmini ya elimu (EARC) humpima mtoto mwenye ulemavu na kushauri awekwe wapi na asaidiwe vipi. Kumficha ndani hadi afikishe miaka minane kunamwondolea miaka ambayo angejifunza kwa wepesi zaidi.

Kuomba kituo kijijini kwenu

Madarasa na vituo vya kulelea watoto hujengwa kwa bajeti, na bajeti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikao vya kukusanya maoni ya wananchi hufanyika kabla ya tarehe hizo. Katika vikao hivyo barabara na maji huombwa na wengi. Kituo cha malezi ya watoto chini ya miaka minne huombwa na wachache, na mara nyingi akina mama wanaokihitaji wako kazini saa hizo. Asiyeweza kuhudhuria anaweza kuandika barua, na kuifikisha kwa msimamizi wa wadi. Andika kijiji, idadi ya watoto mnaowajua walio chini ya miaka minne, na kama kuna kiwanja cha umma.