Yai la kuuza, andazi la mtoto

Basi likisimama Makambako, madirisha hujaa mikono. Mayai ya kuchemsha, parachichi, karanga, mahindi. Mabeseni yanainuliwa hadi usawa wa pua ya abiria. Hapa barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inaachana na ile ya Njombe na Songea, na TAZARA nayo ina stesheni yake, kwa hiyo wateja hawakauki. Asubuhi moja ya Julai, baridi ikipenya hadi mifupani, nilinunua mayai mawili kwa dada aliyembeba mwanawe mgongoni. Mtoto alikuwa anatafuna andazi kavu.

"Mbona mjomba hujampa yai?" nikamtania.

Akacheka. "Huyu akila, kaka, mimi nitauza nini?"

Jibu hilo nilisafiri nalo kilometa zipatazo 60 hadi Njombe mjini. Njiani, magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa yalijipanga kando ya lami yakisubiri fuso. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, unalisha miji ya mbali. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni 56.9, Rukwa 49.8. Kwa taifa zima ni 30. Mikoa yenye maghala ndiyo inayoongoza!

Udumavu una ujanja wake. Mtoto aliyedumaa si lazima akonde. Mashavu anayo, kicheko anacho, ila kimo hakilingani na umri. Nyumbani watasema amemfuata babu yake, na mjadala unaishia hapo.

Semina nyingi huwalaumu wazazi kwamba hawana elimu ya lishe. Nina shaka. Yule dada anajua thamani ya yai kuliko mimi. Anaijua hadi shilingi ya mwisho. Yai lina bei, kimo cha mtoto hakina, na binadamu huheshimu kile anachoweza kukihesabu. Tunagombana na dalali hadi koo linakauka kwa ajili ya kilo za ziada za lumbesa. Sahani ya mtoto nani aliwahi kuigombania?

Na muda je? Wataalamu wanasisitiza siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili. Palizi haijui hesabu hiyo. Mama anatoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na sufuria ya uji mweupe. Mchana ugali. Tumbo limejaa, kwa hiyo hakuna anayeona njaa. Fedha za mavuno zikija, mara nyingi hupitia kwanza mfuko wa baba: bati, pikipiki, na msimu wa mvua kilabu cha ulanzi kinadai chake. Nyumba moja niliyofika, parachichi zilizokataliwa na wanunuzi zilikuwa bandani kwa nguruwe. Nguruwe alinawiri kwelikweli.

Simcheki mtu. Kwetu kuku alichinjwa mgeni akija. Firigisi ilikuwa ya baba, mapaja ya mgeni, sisi watoto tukagawana shingo na miguu na kuona ndiyo heshima. Sijui ni sentimita ngapi nilizoziacha kwenye ile miguu ya kuku.

Wiki iliyofuata nilipita tena Makambako. Yule dada sikumwona. Niliyemkuta alikuwa mwingine, naye ana mtoto mgongoni. Nikanunua mayai matatu, moja nikalimenya na kumpa mtoto. Mama akalichukua taratibu, akaligawa kati. Nusu akampa mwanawe, nusu akala mwenyewe. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu alfajiri.