Ndege MH370: Yanayojulikana, Yanayodhaniwa na Kipande Kilichookotwa Pemba

Mwezi Juni 2016, kipande kikubwa cha bawa la ndege kiliokotwa katika Kisiwa cha Pemba. Septemba mwaka huohuo, wataalamu wa usalama wa usafiri nchini Australia walithibitisha kuwa kilitoka katika ndege ya Shirika la Ndege la Malaysia, safari namba MH370, iliyotoweka Machi 8, 2014 ikiwa na watu 239. Tangu hapo, kisa ambacho wengi walikijua kwa tetesi tu kikawa na ushahidi uliofikishwa na mawimbi katika pwani ya Tanzania. Ni vyema basi kutenganisha yaliyothibitishwa na yale yanayoendelea kusemwa bila uthibitisho.

Yaliyothibitishwa

Ndege hiyo, aina ya Boeing 777, iliondoka Kuala Lumpur saa 6:42 usiku kuelekea Beijing ikiwa na abiria 227 na wafanyakazi 12. Ilipofika mpakani mwa anga la Malaysia na Vietnam, majira ya saa 7:21 usiku, kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada za kiraia kiliacha kutoa ishara. Rada za kijeshi zilionesha kuwa iligeuka, ikavuka Rasi ya Malay na kuelekea magharibi. Mara ya mwisho kuonekana kwenye rada hizo ilikuwa saa 8:22 usiku.

Hata hivyo, mtambo wa mawasiliano ndani ya ndege uliendelea kujibu wito wa satelaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, hadi saa 2:19 asubuhi. Majibu hayo hayakutaja mahali ndege ilipo, lakini muda ambao kila ishara ilitumia kusafiri uliwawezesha wataalamu kukokotoa umbali uliokuwepo kati ya ndege na satelaiti. Umbali huo ukichorwa kwenye ramani huwa mduara, na ndege ilikuwa mahali fulani juu ya mduara huo. Mabadiliko madogo ya masafa ya ishara yalionesha kuwa ilielekea kusini na si kaskazini. Kwa msingi huo, Machi 24, 2014, Waziri Mkuu wa Malaysia wakati huo, Najib Razak, alitangaza kuwa safari hiyo iliishia kusini mwa Bahari ya Hindi.

Ushahidi wa Pemba

Hesabu za satelaiti zilipingwa na watu wengi kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kushika mkononi. Hali ilibadilika Julai 29, 2015, kipande cha bawa kilipopatikana katika Kisiwa cha Réunion. Kipande cha Pemba kilifuata mwaka uliofuata, kisha kingine kikathibitishwa kutoka Mauritius.

Kipande cha Pemba ni sehemu ya bawa la kulia, ile inayoshushwa wakati ndege inapopaa na kutua. Kilikuwa na muhuri wa tarehe ya Januari 23, 2002, miezi michache kabla ya ndege hiyo kukabidhiwa kwa shirika lake, pamoja na namba ambazo kumbukumbu za kiwanda kilichokitengeneza zilizihusisha na ndege hiyohiyo. Wachunguzi walihitimisha pia kuwa, kwa uwezekano mkubwa, sehemu hiyo haikuwa imeshushwa ndege ilipopiga maji. Hilo halikuashiria maandalizi ya kawaida ya kutua.

Kufika kwake Pemba si jambo la ajabu. Mkondo wa bahari ulio kusini mwa Ikweta husukuma maji kutoka mashariki kuelekea Afrika, kisha mkondo wa pwani huyapeleka kaskazini kupita Tanzania.

Nadharia na mizani yake

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika kisa hiki, mengi yaliyosemwa hayakuwepo wala hayakuja. Ilidaiwa kuwa ndege ilitekwa na kufichwa Asia ya Kati, ama ilitua katika kituo cha kijeshi cha Diego Garcia. Mduara wa ishara ya mwisho hauipiti Diego Garcia, na vipande vilivyookotwa vinaonesha kuwa ndege ilivunjika baharini.

Abiria wawili waliotumia pasipoti za wizi walishukiwa kuwa magaidi. Polisi wa Kimataifa walieleza baadaye kuwa hawakuona dalili hizo, na kwamba wawili hao walielekea kuwa watu waliotafuta hifadhi Ulaya. Shehena ya betri za lithiamu, kilo 221, nayo ilitajwa kuwa chanzo cha moto, lakini dhana hiyo haielezi kwa urahisi ndege kuendelea kuruka kwa saa nyingi.

Kuhusu marubani, ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilisema ndege iligeuzwa kwa mkono na si kwa mtambo wa kujiendesha, na kwamba uwezekano wa mtu mwingine kuingilia haukuweza kuondolewa. Haikumtia yeyote hatiani, na ilikiri kuwa chanzo halisi hakikubainika.

Kwa nini uvumi ulistawi

Uvumi hukua pale taarifa inapochelewa. Siku za mwanzo meli na ndege zilitafuta katika Bahari ya China Kusini, ilhali rada za kijeshi zilikuwa zimenasa ndege ikielekea magharibi. Kauli zilizogongana ziliwapa watu sababu ya kuamini kuwa kuna linalofichwa. Waliolipa gharama kubwa zaidi ni familia za waliopotea, ambazo kila dhana mpya iliwapa matumaini na kuwapokonya tena.

Utafutaji na mafunzo

Australia, Malaysia na China zilipekua kilomita za mraba 120,000 za sakafu ya bahari hadi Januari 2017 bila mafanikio. Kampuni ya Ocean Infinity ilipekua eneo lingine mwaka 2018. Machi 2025 Malaysia iliidhinisha mkataba mpya na kampuni hiyo wa kupekua kilomita za mraba 15,000, kwa malipo ya dola za Marekani milioni 70 iwapo tu mabaki yatapatikana.

Kanuni za kimataifa nazo zimebadilika. Tangu Novemba 2018, mashirika yanatakiwa kufahamu mahali zilipo ndege zao kubwa zinapovuka bahari walau kila dakika 15. Betri za vifaa vinavyotoa mlio chini ya maji ili visanduku vyeusi vipatikane zinatakiwa kudumu siku 90 badala ya 30.

Ndege ya Air France iliyoanguka Atlantiki mwaka 2009 ilizungukwa na dhana nyingi hadi visanduku vyake vilipoopolewa mwaka 2011. Kwa MH370, visanduku hivyo bado viko baharini. Hadi vitakapopatikana, mwananchi anayeokota kitu kinachofanana na sehemu ya ndege ufukweni anashauriwa kutokikata wala kukiuza, bali akikabidhi kwa mamlaka, kwa kuwa namba ndogo iliyochapwa juu yake inaweza kujibu swali ambalo dhana zote zimeshindwa kulijibu.