Simu Yako Haijui Kama Unasikilizwa

Kila ninapofika Gitambi, wilayani Rusizi nchini Rwanda, kuzungumza na watu juu ya usalama wa simu, swali la kwanza ni lile lile: "Mtaalamu, nibonyeze namba gani nijue kama wananisikiliza?" Nimelijibu sokoni, nimelijibu kwenye mkutano wa kijiji (umudugudu), nimelijibu kwa ujumbe wa sauti usiku. Sasa nalijibu kwa maandishi, na naomba jibu lisambazwe kwa kasi ile ile iliyosambaza uongo: hakuna namba hiyo. Haipo MTN, haipo Airtel, haipo kwenye mtandao wowote wa Kongo, ng'ambo ya mto Ruzizi, wala wa Burundi.

Uongo wenyewe mnaujua, maana umo ndani ya simu zenu. Ni ule ujumbe wa WhatsApp unaozunguka, unapotea, kisha unarudi: bonyeza *#21# uone kama unasikilizwa, bonyeza *#62# ujue anayekusikiliza ni nani, bonyeza ##002# umfukuze. Nitauvunja kipande kwa kipande.

*#21# inauliza mtandao jambo moja tu: je, simu zinazoingia kwangu zinahamishiwa namba nyingine? Mama mmoja muuza mchele alinionyesha kioo cha simu yake baada ya kuibonyeza. Palikuwa na mistari kadhaa: sauti, data, faksi, ujumbe, na mbele ya kila mstari maneno yanayosema haijahamishwa. Akashusha pumzi, akasema, "Kumbe niko salama." Hapana, mama. Ulichoambiwa ni kwamba hukuomba simu zako zihamishiwe kwa mumeo wala kwa dada yako. Kuhusu kusikilizwa hukuambiwa lolote. Hapo ndipo ujumbe huu unapodhuru zaidi: unampa mtu utulivu usio na msingi, kisha anazungumza kwa uhuru ambao asingejipa kama angejua kuwa hajui.

*#62# inaonyesha simu zako zinapelekwa wapi ukiwa umezima au huna mawimbi. Mara nyingi itatokea namba usiyoijua, na hapo watu hutetemeka. Kwa kawaida namba hiyo ni ya mtandao wenyewe, ya kisanduku cha ujumbe wa sauti. Nimekutana na kijana aliyevunja laini yake kwa sababu hiyo, akapoteza na akaunti ya pesa iliyokuwa juu yake kwa siku kadhaa. Hakuna mpelelezi aliyemsumbua. Aliyemsumbua ni ndugu aliyemtumia ujumbe bila kuuhakiki. Na ##002# haimfukuzi mtu yeyote. Inafuta uhamishaji wote wa simu, pamoja na ule wa kisanduku chako cha sauti. Basi.

Halafu kuna *#06#, ambayo eti ikionyesha tarakimu za ziada mwishoni, umeshanaswa. Hiyo ni namba ya utambulisho wa kifaa, tarakimu 15. Zile mbili zinazofuata katika baadhi ya simu ni toleo la programu.

Watu wa huku mpakani wana nyongeza yao: ukiwa Bugarama, ukaona jina la mtandao wa Kongo au wa Burundi limetokea kwenye kioo, basi "wamekuingilia". Simu hutafuta mnara wenye mawimbi inayoweza kuyapata, na minara haijui mpaka. Utakachopoteza hapo ni salio. Vifaa vinavyojifanya minara vipo duniani, na vyombo vya upelelezi huvitumia, lakini kwa kawaida havijitangazi kwa jina la mtandao wa jirani. Simu kupata moto, mwangwi kwenye maongezi, betri kwisha haraka: kwa kawaida ni simu kuukuu, mawimbi hafifu na programu nyingi zilizoachwa wazi.

Kwa nini simu haiwezi kujua? Kwa sababu kunasa mawasiliano kisheria kwa kawaida hakufanyiki ndani ya simu. Anayesoma barua zako posta hana haja ya kuingia nyumbani kwako. Sheria ya Rwanda Na. 60/2013 ya tarehe 22 Agosti 2013, inayohusu kunasa mawasiliano, inawataka watoa huduma wawe na mitambo yenye uwezo wa kufanya hivyo kibali kikiletwa. Kwa njia hiyo kazi yote inamalizikia kwenye mitambo ya kampuni. Hata bila kibali cha kusikiliza, kampuni inabaki na kumbukumbu: ulimpigia nani, saa ngapi, mlizungumza muda gani, ulikuwa karibu na mnara upi. Hakuna alama yoyote inayorudi kwenye kioo chako.

Na pale kunapofanyika ndani ya simu, chombo kimetengenezwa makusudi kisionekane. Julai 2021 shirika la Amnesty International na waandishi wa Forbidden Stories walitangaza kwamba zaidi ya namba 3,500 zilizohusishwa na Rwanda zilichaguliwa kama shabaha za programu ya kijasusi ya Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel. Serikali ya Rwanda ilikanusha kwamba inaitumia. Simu ya Carine Kanimba, binti wa kulea wa Paul Rusesabagina, mkosoaji wa serikali ya Rwanda, ilikutwa na alama za Pegasus, lakini aliyeziona ni mtaalamu wa maabara aliyepekua mafaili ya simu, tena baada ya kazi ndefu. Uganda nako, hati zilizotolewa mwaka 2015 na shirika la Privacy International zilieleza operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Fungua Macho, iliyokusudia kupandikiza programu ya kijasusi ya FinFisher kwenye vifaa vya wapinzani, waandishi na wengine. Serikali ya huko nayo ilikanusha. Hakuna mlengwa ambaye angeokolewa na nyota na alama ya reli.

Sasa tuliache swali bovu. Tuulize lililo zuri: nani anaweza kuniambia kwamba nilisikilizwa? Kwa kawaida jibu ni mmoja tu, aliyesikiliza. Na hatasema mpaka sheria imlazimishe.

Mwandishi wa habari wa Afrika Kusini, Sam Sole, alishuku mwaka 2008 kwamba simu yake inanaswa. Aliuliza ofisi inayohusika, akaambiwa hakuna sheria iliyovunjwa. Alikuja kupata ushahidi mwaka 2015, maongezi yake yalipoambatanishwa kwenye nyaraka za mahakama katika kesi iliyomhusu Jacob Zuma, rais wa nchi hiyo wakati huo. Basaaly Moalin, dereva wa teksi Msomali wa San Diego, Marekani, alitiwa hatiani mwaka 2013 kwa kutuma dola 8,500 kwa kundi la al-Shabaab. Baada ya hukumu hiyo, na baada ya Edward Snowden kuvujisha siri za shirika la ujasusi la Marekani, NSA, Juni mwaka huo, ndipo akajua kwamba ukusanyaji wa kumbukumbu za simu za mamilioni ya Wamarekani ulihusika katika kesi yake. Septemba 2020 mahakama ya rufaa ilisema ukusanyaji ule ulivunja sheria, ingawa haikufuta hatia yake. Wote wawili waliambiwa na karatasi za mahakama na kelele za umma. Simu zao zilinyamaza kimya mwanzo hadi mwisho.

Sole alikwenda mahakamani, na kesi yake ilizaa tunda. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba sheria ya nchi hiyo ilikuwa na kasoro kwa kutomwarifu mtu hata baada ya upelelezi kwisha, na ikaweka utaratibu kwamba aarifiwe ndani ya siku 90 tangu kibali kuisha, isipokuwa jaji akubali kuahirisha kwa sababu ya msingi. Hiyo ndiyo "namba" mnayoitafuta: kifungu cha sheria.

Kwetu Rwanda hali ikoje? Kibali hutolewa na mwendesha mashtaka wa ngazi ya taifa aliyeteuliwa na waziri wa sheria. Kinadumu miezi mitatu. Katika dharura ya usalama kinaweza kutolewa kwa mdomo, mradi maandishi yafuate ndani ya saa 24. Uganda, kwa sheria ya 2010, mwenye kutoa kibali ni jaji. Tofauti hiyo ni kubwa: mwendesha mashtaka ni upande mmoja wa kesi, jaji si upande wowote. Lakini Fungua Macho inatufundisha kwamba jaji aliyeandikwa kwenye sheria hatoshi kama hakuna anayehesabu vibali na kuvikagua hadharani.

Wengine hunijibu kwamba siri ni lazima, na asiye na hatia hana cha kuhofia. Watu wa Rusizi hawahitaji kufundishwa usalama. Tunaikumbuka Desemba 2018, mabasi yaliposhambuliwa kwenye barabara ya msitu wa Nyungwe. Mimi nataka wauaji wasikilizwe. Faili la mtu anayechunguzwa leo libaki siri, sawa. Idadi ya vibali vya mwaka mzima haimsaidii mhalifu hata mmoja kukimbia. Uingereza huchapisha hesabu zake kila mwaka na wapelelezi wake wanaendelea na kazi. Kuficha hesabu hakumlindi raia. Kunamlinda aliyekosea asijulikane.

Basi mfanye nini? Haraka haraka. Weka namba ya siri kwenye simu na nyingine kwenye laini. Sasisha programu kila inapoombwa. Fungua WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa, ondoa usivyovijua; wengi "wanaodukuliwa" wanasomwa na mtu wa nyumbani kwa njia hiyo. Nakala za mazungumzo zifungwe kwa nenosiri. Usimpe mtu kitambulisho chako asajilie laini, na muulize wakala ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Mwandishi au mtetezi wa haki mwenye sababu ya kuhofia programu za kijasusi aende kwa wataalamu wa maabara, asiende kwa fundi wa kioo. Kampuni inayoshika taarifa zako unaweza kuiuliza inazo zipi: sheria Na. 058/2021 inakupa haki hiyo, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria Na. 04/2013 inakuruhusu kuomba taarifa za taasisi za umma, na Ofisi ya Umuvunyi (Ombudsman) ndiyo inayosimamia utekelezaji wake. Mambo ya usalama wa taifa yana mipaka, lakini jumla ya vibali si siri ya vita, kwa hiyo ombeni.

Na mbunge akija kuomba kura, mwulizeni: mwaka jana vilitolewa vibali vingapi vya kunasa mawasiliano, vingapi vilikataliwa, nani asiye chini ya aliyevitoa amevikagua, na lini mtaleta kifungu cha kumwarifu raia uchunguzi ukiisha? Asipojua, mpeni muda akatafute, kisha mwulizeni tena.