Moyo wa Mgonjwa na Kalamu Isiyogusa Karatasi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lafaa pia kwa mwili wa binadamu. Daktari anayemsikiliza mgonjwa kifuani husikia pigo la moyo, nalo likisha kupita halirudi. Lisipoandikwa papo hapo limepotea, wala daktari wa pili hawezi kulichunguza ili atoe rai yake. Haja hiyo ya kuandika pigo la moyo ni miongoni mwa mambo yaliyoleta mashine ambayo leo imeenea maofisini, viwandani na hata majumbani: mashine ya chapa inayorusha wino bila kuigusa karatasi. Wengi hudhani kuwa mashine hiyo ilizaliwa pamoja na kompyuta. La, hasha. Ukoo wake ni wa zamani zaidi, na sehemu kubwa ya ukoo huo ilikulia kando ya kitanda cha mgonjwa.

UZITO WA KALAMU

Kalamu, hata iwe nyepesi namna gani, ina uzito wake. Tena ikigusa karatasi hukwaruza, na mkwaruzo huo huichelewesha. Kwa mtu anayeandika barua jambo hilo si kitu. Lakini kwa umeme dhaifu unaotakiwa kuisukuma kalamu hiyo, ni mzigo mkubwa kama gunia la mahindi begani mwa mtoto.

Shida hii ilionekana kwanza baharini. Mwaka 1866 waya wa simu za maandishi ulipita salama chini ya bahari ya Atlantiki, kati ya Ulaya na Amerika. Umeme uliofika upande wa pili ulikuwa hafifu mno, usioweza kuisukuma kalamu ya kawaida. Mtaalamu wa Uingereza, William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Lord Kelvin, alipata hati ya haki ya uvumbuzi mwaka 1867 kwa dawa ya shida hiyo. Alichukua mrija mwembamba wa kioo, akautia wino, na wino wenyewe akautia umeme. Kwa nguvu ya umeme huo wino uliruka kwa matone madogo hadi kwenye karatasi, na ncha ya mrija haikugusa kitu. Miaka 12 baadaye, mwaka 1879, waya wa namna hiyo ulifika Unguja kutoka Aden, na pwani ya Afrika Mashariki ikaingia katika mazungumzo ya dunia.

DAKTARI ALIYEPENDA UFUNDI

Karibu karne moja baada ya hapo, shida ile ile iliwakabili madaktari. Moyo hutoa umeme kidogo kila unapopiga, na umeme huo ukikuzwa na mashine huweza kuchora mstari. Lakini kalamu ya kawaida, kwa uzito wake, haikuweza kufuata mitikisiko ya haraka. Ilikata kona, nayo kona hiyo huenda ndiyo iliyoficha ugonjwa.

Huko Sweden alikuwako Rune Elmqvist, aliyezaliwa mwaka 1906. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa katika uhandisi. Alitengeneza mashine ambayo ndani yake mrija mwembamba sana wa kioo ulishikamana na sumaku ndogo. Umeme wa mgonjwa ulipopanda na kushuka, sumaku iligeuka na mrija ukageuka nayo, huku wino ukitoka kwa shinikizo kama maji ya mpira wa bustani na kuchora juu ya karatasi iliyokuwa ikisogea. Kilichofika kwenye karatasi kilikuwa wino peke yake, hivyo mchoro uliweza kufuata mitikisiko mamia kwa sekunde moja. Hati ya Marekani ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1951, na mashine yenyewe, iliyoitwa Mingograf, ikatumika hospitalini kwa miaka mingi.

Mwaka 1958 Elmqvist alifikiwa na ombi zito zaidi. Katika hospitali ya Karolinska, Stockholm, alilazwa Arne Larsson, mwenye umri wa miaka 43. Moyo wake ulikuwa ukisimama mara kwa mara, hata mara 20 au 30 kwa siku, na kila mara ilibidi wauguzi wamrudishe kutoka ukingoni mwa kaburi. Mkewe, Else-Marie, hakukubali kumlia mumewe angali hai. Alimwendea daktari wa upasuaji Åke Senning, akamwendea na Elmqvist, akawasihi mpaka wakakubali kutengeneza kitu ambacho hakijapata kuwekwa mwilini mwa mtu yeyote: kifaa cha kuuendesha moyo kwa umeme.

Elmqvist aliunganisha transista 2 na betri ndogo, akavimiminia gundi inayoganda ikawa ngumu. Kwa kalibu alitumia kopo la dawa ya viatu, kopo ambalo kila askari analifahamu. Tarehe 8 Oktoba, 1958, Senning alikipandikiza kifaa hicho. Kilizimika baada ya saa chache, akaweka cha pili. Safari haikuwa nyepesi, kwani Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20 katika maisha yake. Hata hivyo aliishi hadi mwaka 2001. Elmqvist alifariki mwaka 1996 na Senning mwaka 2000. Mgonjwa akawazika waliomwokoa.

HABA NA HABA

Nchini Sweden vile vile, katika mji wa Lund, mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz na daktari Inge Edler walifanikiwa mwaka 1953 kuuona moyo ukicheza kwa kutumia mwangwi wa sauti isiyosikika na sikio. Chombo chao cha kwanza kilikuwa cha namna iliyotumika katika viwanda vya meli kukagua viungo vya chuma. Hertz, aliyekwisha kutambua thamani ya kuandika mwendo wa moyo, aliugeukia wino katika miaka ya 1960. Aliuvunja mkondo wa wino uwe matone, hadi kiasi cha milioni 1 kwa sekunde, na kwa umeme akawa anaamua lipi lifike kwenye karatasi na lipi lizuiwe. Baadaye njia yake ilileta picha za rangi zenye ubora mkubwa.

Kwamba mkondo wa maji hukatika ukawa matone si siri; kila afunguaye bomba kidogo hulishuhudia. Mwingereza Lord Rayleigh alieleza sababu yake kwa hesabu mwaka 1878. Lakini aliyeyatia matone hayo nidhamu ya gwaride alikuwa Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikitikisa kitundu cha wino kwa kipimo maalumu, matone yakatoka sawasawa, kiasi cha 100,000 kwa sekunde. Kila tone lilipewa umeme wake, na vibao viwili vya chuma vikalipotosha njia kwa kadiri ya umeme huo. Tone lisilohitajika lilirudi katika mfereji likatumika tena. Mwaka 1968 kampuni ya A. B. Dick ilianza kuuza mashine ya namna hiyo. Mama wa nyumbani anaposoma tarehe ya mwisho wa matumizi juu ya chupa au pakiti ya dawa, yenye herufi za nukta nukta, mara nyingi asomacho ni kazi ya matone ya Sweet.

JOTO LAINGIA KAZINI

Mwaka 1977 huko Japani, Ichiro Endo wa kampuni ya Canon alikuwa maabarani. Chuma cha moto cha kulehemu kiligusa kwa bahati sindano ya bomba lililokuwa na wino, na wino ukaruka. Mtu mwingine angepangusa meza na kuendelea. Endo aliuliza sababu. Joto lilikuwa limechemsha wino kidogo, povu likavimba na kuusukuma uliobaki nje ya sindano. Muda si mrefu John Vaught wa kampuni ya Hewlett-Packard, Marekani, alilifikia wazo kama hilo kwa njia yake mwenyewe. Kampuni yake ilitoa mashine iitwayo ThinkJet mwaka 1984, yenye vitundu 12 na bei ya dola 495. Hapo mashine ya wino ikaanza kuingia mikononi mwa watu wa kawaida.

Joto hilo hilo lilikwisha kutumiwa na Jack Kilby wa Texas Instruments, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kazi nyingine. Mwaka 1967 yeye na wenzake walikamilisha mashine ya hesabu ya mkononi. Kwa kuwa betri ndogo haiwezi kupiga nyundo za taipureta, waliondoa nyundo na wino pia. Vidoto vya moto viligusa karatasi iliyopakwa dawa, na dawa ikageuka rangi.

FAIDA NA HASARA

Karatasi ya namna hiyo ina rangi isiyoonekana na asidi hafifu. Joto likiyayeyusha hukutana, na weusi hutokea. Haitaki wino, haina kelele, na bei yake ni nafuu. Ndiyo maana leo imejaa katika stakabadhi za dukani, katika mashine za benki, katika picha za mimba na katika michoro mingi ya moyo.

Lakini kilicholetwa na joto huweza kupotea. Jua, mafuta ya mikono na mifuko laini ya plastiki huyafifisha maandishi hayo, mara nyingine kabla mwaka haujaisha. Familia iliyoweka mchoro wa moyo wa mzee wao, au stakabadhi ya ada na ya bati za nyumba, yaweza kufungua sanduku siku ya haja na kukuta karatasi nyeupe.

Basi, karatasi ya namna hiyo iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi, mahali pakavu pasipofika jua, mbali na jiko. Kuitambua si kazi: ikikwaruzwa kwa ukucha upande wenye maandishi, huacha alama nyeusi. Iliyo ya maana itolewe nakala kwenye karatasi ya kawaida siku ile ile inapopokelewa, na nakala hiyo iandikwe tarehe. Daktari atakayemwona mzee mwakani atataka kulinganisha pigo la leo na la wakati huo, na hataweza kulinganisha na karatasi tupu.