Mapishi ya Watu wa Siam
Sehemu ya Pili: Prachuap na Tui Lililokatika

Katika sehemu ya kwanza tulisimulia masoko ya Bangkok na wingi wa wachuuzi wake. Na leo, ili msomaji azidi kuyafahamu mapishi ya watu hao, yatupasa tuuache mji mkuu twende kusini kiasi cha kilomita 280, hata mji wa Prachuap Khiri Khan, ulio ufukweni mwa Ghuba ya Thailand, ambako chombo cha mvuvi na chungu cha mpishi havitengwi na safari ndefu.

Mji huu ni wa utulivu, hauna fahari ya Phuket wala zogo la Pattaya. Mgeni huufahamu kwa kuitembea barabara yake ya pwani, akielekea kilima cha Khao Chong Krachok, chenye hekalu kileleni na makundi ya kima katika ngazi zake. Katika tarikhi, jimbo lake lilipata sifa mwaka 1868, pale Mfalme Mongkut, aliyekuwa hodari wa elimu ya falaki, alipokwenda Wa Ko kushuhudia kupatwa kwa jua ambako alikwisha kukukadiria kwa hesabu zake mwenyewe. Amma katika chakula, sifa yake yatokana na umbo la ardhi: baina ya bahari na mpaka wa Burma, mahali penye wembamba kabisa hapazidi kilomita 13, na katika ukanda huo hustawi minazi na mananasi, ilhali ghuba hutoa ngisi, kaa, uduvi, na samaki wa jamii moja na vibua wetu.

Samaki wengine hupasuliwa wakaanikwa jua moja tu, si kama ng'onda wetu anayeachwa hata akakakamaa. Kisha hukaangwa, nje wakawa wakavu na ndani laini, wakaliwa pamoja na embe bichi lililokatwa vipande vyembamba, likachanganywa na vitunguu, pilipili, ndimu na nam pla, yaani maji ya dagaa waliovundikwa chumvini kwa muda wa mwaka au zaidi.

Lakini lenye kumshangaza zaidi mtu wa pwani yetu ni tui. Sisi, tukisha kukamua nazi, huitenga kasimile, tukapikia kwanza tui jepesi, na kasimile tukaitia mwisho, huku tukikoroga polepole lisije tui likakatika. Mpishi wa Prachuap hulitaka lile lile tunaloliogopa: aghalabu huiweka kasimile peke yake motoni mpaka ikatike na mafuta yake yatengane, ndipo hukaanga ndani ya mafuta hayo viungo alivyovitwanga katika kinu cha jiwe, yaani pilipili, mchaichai, khulinjani, thomu na uduvi uliosagwa kwa chumvi, hata harufu ikaenea nyumba nzima, kisha hutia samaki au kuku, na kuukamilisha mchuzi kwa tui jepesi. Lau mchuzi huo, na mafuta yake yanayoelea juu, ungeandaliwa Lamu, huenda mwenye nyumba akadhani mpishi amezembea.

Na katika kula nako wana kanuni yao. Vyakula huandaliwa vyote pamoja kati ya meza, kila mmoja akachota kidogo kidogo juu ya wali wake, kijiko mkononi mwa kulia na uma wa kusukumia kushoto. Kwenye duka la tambi kuna vyombo vinne mezani: sukari, pilipili kavu, siki yenye pilipili, na nam pla; na mlaji akijiongezea, mpishi hachukizwi, maadamu kwao kuvisawazisha utamu, uchachu, chumvi na ukali ni kazi ya wawili, mmoja huianza jikoni na mwingine huimaliza mezani. Kwa hiyo mgeni anayelalamika kwamba chakula chao ni kikali au kichachu, na vile vyombo vinne hajavigusa, amehukumu kazi ambayo nusu yake ilikuwa juu yake mwenyewe.

(Itaendelea)