Alama Hafifu na Mlango wa Udaktari wa Miguu

Mkulima mwangalifu huzitazama kwato za ng'ombe wake kabla ya kumfunga nira, maana ajua ya kuwa ng'ombe mwenye kidonda hawezi kulima. Lakini miguu yake mwenyewe haitazami mpaka imshinde kutembea. Katika nchi ya Marekani wako madaktari ambao kazi yao ni miguu na vifundo vyake tu. Vyuo vinavyowafundisha hupokea kila mwaka maombi ya vijana wengi, na miongoni mwao wamo ambao alama zao za chuo kikuu ni hafifu. Je, kijana wa namna hiyo aweza kupokewa? Aweza, lakini si kila mmoja, wala si kwa bahati tu.

KAZI ILIYOANZA KWA KUKATA SUGU

Zamani kazi hii haikuwa na heshima kubwa. Watu walioifanya walikata sugu na kucha zilizoota ndani ya nyama, nao walijifunza kwa kuwatazama wenzao. Hata hivyo wakubwa waliwahitaji. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitibiwa miguu na Isachar Zacharie, akamwandikia cheti cha kumsifu. Chuo cha New York kilianzishwa mwaka 1911, na kile cha Chicago mwaka 1912. Kufikia mwaka 2023 vyuo vya namna hii nchini Marekani vilikuwa 11.

Siku hizi mwanafunzi husoma miaka 4 baada ya chuo kikuu. Miaka 2 ya kwanza hujifunza maumbile ya mwili, dawa na magonjwa, na miaka 2 ya mwisho huwa zaidi miongoni mwa wagonjwa. Akiisha kupata shahada yake hana budi kutumikia hospitalini miaka 3 chini ya waangalizi, akijifunza kupasua mguu na kuunga mifupa yake. Tena iko mitihani ya taifa zima, ambayo asiyeishinda hapewi ruhusa ya kutibu.

HESABU YA ALAMA

Katika vyuo vikuu vya Marekani alama ya juu kabisa huhesabiwa 4, inayofuata 3, kisha 2, kisha 1. Kila somo lina uzito wake wa vipindi, na mwisho hupatikana wastani. Waliopokewa katika vyuo vya miguu kwa miaka ya karibuni walikuwa na wastani unaokaribia 3.3 au 3.4. Mwenye 2.7 au 2.8 yuko chini yao, naye hana budi kuonyesha sababu ya kuaminiwa.

Kwa mfano, kijana amesoma vipindi 60 katika miaka yake 2 ya kwanza. Alikuwa akifanya kazi usiku ili apate karo, akisinzia darasani mchana, na wastani wake ukawa 2.2. Basi ana pointi 132. Akapunguza kazi, akasoma vipindi 60 vingine kwa wastani wa 3.6, yaani pointi 216. Jumla ni 348, na ukigawanya kwa 120 wapata 2.9. Hata kama angalipata alama ya juu kabisa katika kila somo la miaka hiyo ya pili, asingalipita 3.1. Miaka mibaya ya mwanzo ni kama deni dukani: hulipwa polepole.

Lakini wakubwa wa chuo hawatazami jumla peke yake. Hutazama pia alama za sayansi mbali na za masomo mengine, na hutazama mwendo wake. Aliyeanza na 2.2 akamaliza na 3.6 si sawa na aliyeanza na 3.6 akashuka hadi 2.2, ingawa wote wawili wana 2.9.

MAMBO YA KUFANYA

Jambo la kwanza ni kuyarudia masomo yaliyo msingi wa kazi, yaani elimu ya viumbe, kemia na fizikia, ikiwa alama zake zilikuwa mbaya. Wengine huongeza mwaka mmoja wa masomo ya sayansi baada ya shahada. Kijana wa mfano akisoma vipindi 30 zaidi kwa wastani wa 3.8, jumla yake hupanda kutoka 2.9 hadi 3.08 tu. Hata hivyo mwaka huo huonyesha kwamba aweza kubeba mzigo mzito wa sayansi kwa wakati mmoja.

La pili ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528. Mwenye wastani hafifu asiuendee kabla hajawa tayari, maana udhaifu wa pili huthibitisha ule wa kwanza.

La tatu ni kukaa na daktari wa miguu kazini siku nyingi, kumwona akisafisha vidonda, na kupata barua yake. Vyuo havipendi mtu ambaye amewakimbilia kwa kuwa mahali pengine pamemkataa.

La nne ni kusema kweli. Mwombaji hutakiwa kuleta hati za kila chuo alichosoma. Akificha kimoja na kikajulikana, hapana wa kumwamini tena. Katika maelezo yake aandike kwa ufupi kilichomwangusha na alichokibadili, bila kuwalaumu walimu. Ajaze fomu mapema vilevile, maana maombi hutazamwa kadiri yanavyofika, na nafasi huzidi kupungua.

Aliyesoma nje ya Marekani, kama vile Nairobi au Makerere, ana kazi zaidi. Hati zake hupimwa kwanza ili zilinganishwe na za huko, na mikopo ya serikali ya Marekani haipewi mgeni mwanafunzi.

KUPOKEWA SI KUFAULU

Hapa ndipo penye hatari. Katika vingi vya vyuo hivi karo hupita dola 40,000 kwa mwaka. Aliyepokewa naye hajapona ugonjwa wa alama zake aweza kufukuzwa mwaka wa kwanza, akarudi nyumbani na deni bila ya kazi. Kwa hiyo afadhali mtu achelewe mwaka mmoja akijitengeneza kuliko kuharakia mlango atakaotolewa.

Wala ukali huo si wa bure. Ugonjwa wa kisukari, ambao umeenea Marekani na katika Afrika ya Mashariki pia, hutia ganzi miguuni. Mgonjwa hukanyaga msumari asisikie, kidonda kikaoza, na mwisho mguu hukatwa. Mtu asiyesikia maumivu ya wayo wake hutegemea macho na mikono ya daktari. Kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini kijana aliyepotea ni lazima aonyeshe kwamba njia ameijua, kabla ya kukabidhiwa mguu wa mtu mwingine.