Kabla Wakala Hajafuta Jina

Leo nataka tuzungumze juu ya kufuta. Wengi wetu hudhani kuandika ndiko kugumu, ama kufuta hata mtoto anaweza. Nami nilidhani hivyo mpaka siku nilipomfutia ndugu yangu njia ya barua za duka lake la vipuri.

Nianze na asili ya jambo lenyewe. Kompyuta zilizomo kwenye intaneti hutafutana kwa namba, si kwa majina. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa majina, ambao tunaweza kuufananisha na daftari kubwa la simu lililogawiwa watunzaji wengi duniani. Mwenye jina lake, liwe linaishia na .tz au .ke, ana ukurasa wake katika daftari hilo, na kila mstari wa ukurasa huitwa rekodi. Kuna rekodi inayosema tovuti iko kwenye namba gani, kuna inayosema barua zipelekwe seva ipi, na kuna inayothibitisha kwamba barua iliyotumwa kwa jina lako ni yako kweli.

Siku hizi wengi hatuligusi daftari hilo kwa mikono yetu. Tunamtuma wakala, yaani programu inayopokea agizo kwa maneno ya kawaida, kisha ikaenda yenyewe na ufunguo tulioipa, ikaandika na kufuta. Mimi nilimwambia wakala wangu maneno manne tu: "Futa rekodi zote zisizotumika." Akafuta nane, hata chai sijaimaliza. Mojawapo ilikuwa rekodi ya barua. Kosa lake? Ilielekeza kwenye seva ya kampuni tuliyopanga nafasi ya barua, na jina la kampuni hiyo halikufanana na la duka, basi wakala akaihesabu kuwa ni mabaki.

Tulikuja kujua jioni, mteja alipopiga simu akilalamika kwamba oda zake zinarudi. Barua zilikuwa zinaishia kwenye seva ya tovuti, ambayo haimjui mtu yeyote pale dukani. Nakala ya ukurasa wa zamani hatukuwa nayo. Ikabidi tufukue makaratasi ya mkataba kutafuta maneno yale yale. Na hata baada ya kuirudisha rekodi, baadhi ya wateja waliendelea kukwama, kwa sababu seva ikiuliza na kujibiwa "hakuna", hulikumbuka jibu hilo kwa muda uliopangwa kabla ya kuuliza tena. Kufuta kulichukua sekunde, kurudisha kulitula usiku mzima.

Msidhani ni sisi wadogo tu. Jumatatu tarehe 20 Oktoba 2025, saa nne kasoro dakika 12 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, huduma nyingi duniani zilianza kuanguka, zikiwamo Snapchat, Signal na Roblox. Chanzo kilikuwa kwenye vituo vya kompyuta vya Amazon huko kaskazini mwa Virginia, Marekani. Pale majina ya hifadhi ya data iitwayo DynamoDB yalikuwa yakiandikwa na mitambo, si watu. Mtambo mmoja ulikuwa ukipanga, na mingine mitatu ikitekeleza mipango hiyo, kila mmoja kivyake, ili ukifa mmoja wengine waendelee.

Asubuhi ile mtekelezaji mmoja alichelewa. Alikuwa amekwisha hakikisha kwamba mpango alioushika ni mpya, lakini alipofika kuuandika, ulikuwa umechakaa, na mwenzake ameshaandika ulio mpya zaidi. Akauandika wa kale juu ya mpya. Wakati huo huo yule mwenzake alikuwa ameanza kufagia mipango ya zamani. Akaukuta ule, akauona mkongwe, akaufuta. Kumbe ndio uliokuwa unatumika saa ile! Namba zote za DynamoDB katika eneo lile zikatoweka, na mitambo ikashindwa kujitengeneza mpaka watu wakaingia kati. Rekodi zilirudi mnamo saa 6:25 mchana kwa saa zetu, lakini huduma nyingine ziliyumba mpaka usiku.

Tazameni basi palipo na ugonjwa. Ukaguzi ulifanywa, ila ulifanywa mapema mno. Wakala anayefuta hana budi kuangalia tena dakika ile ile ya kufuta, akiuliza kama rekodi inatumika, si kama inaonekana ya zamani. Mwambieni kwanza atoe nakala ya ukurasa mzima, kisha awaonyeshe orodha ya atakayofuta bila kugusa kitu, mtu aisome na kuikubali. Afute moja, asubiri, atazame. Na akikuta kwamba anayotaka kufuta ndiyo ya mwisho kwa jina lile, au ni ya barua, asimame.

Mtaniuliza, si bora tuziache zote zilivyo? La, hata kuacha kuna hatari yake. Ukiacha kulipia seva lakini rekodi ikabaki inaielekeza, mtu mwingine aweza kuipata nafasi ile, akafungua duka lake chini ya jina lako. Mteja ataona jina analoliamini na kutuma fedha. Kwa hiyo kufuta ni lazima. Tena rekodi ifutwe kabla ya kuirudisha seva kwa wenyewe, si baada ya miezi sita.

Ndugu yangu siku hizi ametengeneza funguo mbili. Wa kufuta anao yeye mfukoni. Mimi na wakala wangu tumeachiwa wa kusoma tu.